Mzigo na Furushi

Soma: Wagalatia 6:2–5, Kumbukumbu la Torati 6:6, 7, Kutoka 20:16.

Ndugu msomaji, naanza na kosa langu mwenyewe, maana siwezi kulifundisha somo hili huku nimelificha.

Mwaka jana mjukuu wangu alianza darasa la kwanza hapa Himo. Mama yake anauza sokoni, na hurudi wakati magari ya Rombo na Holili yamekwisha kupungua barabarani, kwa hiyo jioni mtoto anakuwa kwetu. Usiku mmoja wa mwezi wa pili alikuja na zoezi la nyumbani: aandike ba, be, bi, bo, bu, mistari mitano. Umeme ulikuwa umekatika. Akamaliza mstari mmoja, akasinzia juu ya daftari. Nikamhurumia. Nilichukua penseli nikaandika minne iliyobaki, tena kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko upinde kama wa mtoto. Kesho yake alirudi na vema nyekundu kwenye mistari yote. Akanifungulia daftari kwa furaha ya kweli kabisa, akasema, "Babu, umepata zote!"

Hakusema "nimepata." Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau kazi ile ilikuwa ya nani, na mimi ndiye ninayesimama mbele ya wazazi kila Januari kuwashauri juu ya elimu ya watoto wao.

Sabato iliyofuata nililieleza darasani kwetu, na ndugu wakagawanyika. Dada mmoja akauliza dhambi iko wapi, maana Paulo ametuagiza tuchukuliane mizigo. Mzee wa kanisa akamwambia asogee mafungu matatu mbele, ambapo Paulo huyo huyo anasema kila mtu atachukua wa kwake. Je, mtume anajipinga? Kigiriki kinatumia maneno mawili tofauti. La kwanza, baros, ni uzito unaomlemea mtu. La pili, phortion, ni kile ambacho kila msafiri hubeba mwenyewe. Biblia ya Union imeitunza tofauti hiyo: kwanza mzigo, halafu furushi.

Sisi wa huku hatuhitaji Kigiriki ili kuliona. Panda mpaka lango la Marangu asubuhi yoyote. Wapagazi wanapimiwa mizigo, na mwisho ni kilo 20 kwa mtu: vyakula, mitungi ya gesi. Mgeni naye ana kibegi chake mgongoni, chenye maji na sweta. Mpagazi akimbebea mgeni mzigo, amemsaidia kupanda mlima. Lakini hakuna mpagazi awezaye kupanda kwa niaba ya mgeni, halafu mgeni akapewa cheti cha kufika kileleni. Huo ungekuwa utapeli, hata kama ungefanywa kwa huruma.

Sasa mweke mtoto wa darasa la kwanza mbele ya mfano huo. Herufi b ni furushi lake. Mzigo unaomlemea ni mwingine: njaa, giza, usingizi uliokatwa, hofu ya fimbo kwa kazi isiyokwisha. Usiku ule nilibeba furushi nikauacha mzigo. Ningemwosha miguu nikamlaza, kisha nimwamshe mapema kidogo, ningekuwa nimemsaidia zaidi.

Na yuko mtu wa tatu tuliyemsahau katika mjadala wetu, mwalimu. Tangu Januari 2016, michango ya lazima ilipofutwa katika shule za msingi za serikali, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani nao wameingia, jambo la kumshukuru Mungu, na madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye darasa la namna hiyo hawezi kumketia kila mtoto. Daftari ndilo shahidi wake. Nikiandika kwa mkono wa mtoto, nimemshuhudia uongo mwalimu huyo, naye kwa nia njema anasonga mbele kwenye silabi nyingine na kumwacha mjukuu wangu nyuma. Nilikuwa nimezoea kuisoma amri ya tisa kwa habari ya mahakama na umbea. Sikuwahi kuisoma kwa habari ya penseli.

Wapo wazazi wanaoniambia, "Sisi hatukusoma, tutamsaidia nini?" Nami nilianza darasa la kwanza mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza. Mama yangu hakujua hata herufi moja. Lakini jioni aliweka koroboi karibu nami, akaendelea kuchambua maharage, akasema, "Haya, nisomee." Nilipokosea hakujua. Alichojua ni kwamba nimenyamaza, na nikinyamaza aliuliza, "Mbona umesimama?" Sijapata mwalimu bora. Siku hizi aliyesoma ndiye anayeweza kumchanganya mtoto zaidi, kwa kuwa anamfundisha kutaja a, be, che, wakati darasani anafundishwa sauti za herufi. Muulize mwalimu kwanza.

Lakini vipi kuhusu mama anayerudi saa mbili usiku? Simlaumu, na sipendi mahubiri yanayomlaumu. Mwaka 1872 Ellen White alishauri wazazi wawe walimu wa watoto wao mpaka umri wa miaka minane au kumi. Kisha Januari 1904, kule St. Helena, California, waumini walipolishika shauri hilo ili kuwaacha wadogo nje ya shule ya kanisa, aliwaeleza kwamba si kila nyumba inayoweza kuifanya kazi hiyo, na watoto wa nyumba hizo wasiachwe. Alitazama mtoto yuko wapi jioni, na nani yuko naye.

Nilikwenda shuleni kuungama. Mwalimu alicheka. "Mzee, nilishuku. Mtoto hakosi kugeuza b hata mara moja?" Akaniomba jambo moja: mtoto akishindwa, niandike chini ya zoezi, "Amesinzia." Hilo nalifanya. Wiki hiyo mjukuu wangu aliandika mistari miwili, na b tatu zikatazama upande wa d. Hakupata vema. Mwalimu alimwandikia b moja kubwa pembeni aifuatishe.

Jadilini katika darasa lenu: kanisa letu hufungwa Sabato jioni, likafunguliwa Jumatano kwa maombi. Lina viti, meza na taa. Nyumba tatu kutoka hapo kuna mtoto wa darasa la kwanza anayemsubiri mama yake gizani, na daftari lake liko kwenye begi. Ufunguo uko kwa nani?