Jumanne: Kwanza Mkate, Kisha Maswali

Soma 1 Wafalme 19:1–9; Danieli 6:10; 1 Wakorintho 6:19, 20.

Eliya alikuwa ametoka Karmeli, akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, kisha akakimbilia Beer-sheba kuokoa maisha yake. Chini ya mretemu aliomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akalala tena, naye akarudi kumlisha mara ya pili. Swali la Mungu lilimngoja Horebu. Je, si mara nyingi tunadhani imani imepungua, kumbe uliopungua ni usingizi?

Mfikirie ndugu anayeishi Mbagala na kufanya kazi Mikocheni. Huamka saa kumi alfajiri, husimama katika daladala mbili, husahau kunywa maji mpaka jioni. Akifika nyumbani humkaripia mtoto, kisha hupiga magoti na kutubu hasira. Anafanya vyema kutubu. Lakini mabega yake yaliyokaza tangu asubuhi yalikuwa yakimwonya, wala hakuyasikiliza.

Danieli aliomba mara tatu kwa siku. Nasi twaweza kuzitumia nyakati hizo kuuangalia mwili mbele za Mungu. Asubuhi, kabla ya kushika simu, vuta pumzi taratibu na umshukuru Yeye aliyekupa. Adhuhuri jiulize: Nina kiu? Nimekaza taya? Ninakula kwa sababu ya njaa au ya huzuni? Jioni, simama kidogo mlangoni kabla ya kuingia, umkabidhi Bwana uchovu wako. Hatukusudii kuondoa mawazo yote kichwani. Tunampelekea Mwenye hekalu habari za hekalu lake.

Hata hivyo, mwili hausemi kila kitu. Shinikizo la damu laweza kukaa miaka mingi bila maumivu yoyote. Vipimo vikirudiwa na kuonyesha 140/90 au zaidi, mwone daktari, hata kama unajisikia mzima. Kumwamini Mungu na kwenda kupimwa havipingani. Eliya aliomba, na jibu la kwanza alilopata lilikuwa chakula.

Fikiri: Ni ishara gani ya mwili wako umeinyamazisha juma hili? Ni nani nyumbani mwako anayeumia kwa sababu ya uchovu wako, nawe utabadili nini kabla ya Sabato?