Jicho Linalorudi

Tarehe 31 Machi 1979, Mmarekani mmoja aitwaye Jamie Livingston alianza kupiga picha moja kila siku kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo. Aliendelea hivyo hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki kwa saratani, siku hiyohiyo akitimiza miaka 41. Watu humsifu kwa uvumilivu wake. Mimi kinachonivutia zaidi ni ufukara aliojichagulia. Mwenye picha moja kwa siku hawezi kuisubiri siku nzuri. Siku ya harusi inapata picha moja; na siku ya mafua, ya mvua, ya kutofanya lolote la maana, nayo inapata yake, ya ukubwa uleule, ndani ya fremu nyeupe ileile.

Nimepiga picha za mtaani kila siku kwa mwaka mzima, Kariakoo, Dar es Salaam, na tangu nimalize watu huniuliza ipi ndiyo picha bora. Wana haki ya kuuliza, lakini swali lao linapita kando ya jambo lenyewe. Kilichonishughulisha mwaka ule, na bado kinanishughulisha, ni kurudi: kurudi mahali palepale kesho na keshokutwa, uwe unataka au hutaki. Naamini kurudi hubadilisha kile jicho linachoweza kuona, na pia kile ambacho jicho lina haki ya kukiona. Hili la pili ni zito kuliko la kwanza, ila sikulifikia bila kupitia la kwanza.

Ipo hoja dhidi yangu, tena yenye nguvu. Mwaka 1917 mhakiki wa Kirusi Viktor Shklovsky alidai kwamba mazoea hula vitu. Tulichokizoea hatukioni tena. Tunakitambua tu, kisha tunapita. Kwake yeye, kazi ya sanaa ni kukirudishia kitu ugeni wake ili jicho likwame juu yake. Mkazi yeyote wa Dar anaujua ukweli huu. Mtu anayeshuka basi la mwendokasi kituo cha Gerezani kila asubuhi na kutembea hadi dukani kwake, ukimuuliza jioni mlango wa jirani una rangi gani, atakuomba akachungulie.

Hata hivyo, Shklovsky aliyatia mazoea yote katika kapu moja. Mazoea ya anayepita na mazoea ya anayefanya kazi ni mambo mawili. Mvuvi wa Feri, penye soko la samaki, aliyeitazama bahari ileile miaka thelathini huliona badiliko la upepo kabla mgeni hajajua kwamba kuna upepo. Mazoea hayakumpofusha, yalimpa kipimo. Asiyejua jana palikuwaje hawezi kuona jipya la leo. Kwake kila kitu ni kipya kwa kiasi kilekile, yaani hakuna kilicho kipya. Mtalii anayefika Kariakoo kwa saa mbili huona rangi nyingi. Ili kuona kwamba muuza kahawa amebadilisha kona, na kujiuliza kwa nini, ni lazima uwe umeshalisikia birika lake na mlio wa vikombe vyake kwenye kona ya zamani.

Kupiga picha pale tu unapojisikia kuna tatizo moja: unajipiga mwenyewe. Kila mpiga picha ana vipenzi vyake. Vyangu vilikuwa mwanga wa saa kumi na moja jioni, wabeba mizigo wenye marobota ya mitumba mabegani, na migongo ya watu wanaotazama kitu nisichokiona. Wiki za mwanzo nilivitumia vipenzi hivyo hadi vikaisha. Kisha masika yakaingia. Mwanga ukawa wa kijivu kutwa nzima, wachuuzi wakafunika bidhaa kwa maturubai, na mtaa ukawa hauna ninachokitaka. Vitu vilikuwapo tele. Nilichokosa ni kutaka. Hapo ndipo wajibu ulipofanya kazi ambayo hamu isingeiweza, kwa sababu hamu huchagua kabla jicho halijafika. Wajibu hukusimamisha mbele ya turubai la bluu lililobeba dimbwi la maji, ukakuambia kwamba hili ndilo la leo. Ukisimama hapo muda wa kutosha, utamwona kijana akilisukuma dimbwi kwa ufagio kutoka chini, maji yakimwagikia upande wa jirani, jirani akipaza sauti, wa tatu akiingilia kati. Na kumbe kuna sheria nzima ya mtaa, isiyoandikwa popote, kuhusu maji ya nani yamwagike wapi. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi na sikujua kama sheria hiyo ipo.

Husemwa sana kwamba msanii huwa huru anapofanya apendacho. Sisadiki tena. Upendeleo wa mtu nao ni bwana, tena bwana asiyeonekana, kwa kuwa anasema kwa sauti ya mtu mwenyewe. Kilichonitoa mikononi mwake ni kanuni kavu ya kila siku.

Kanuni hiyo ndiyo iliyonionyesha pia jua linavyohama. Jambo hilo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonigeuza. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la utosi hasa hutupata mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena katika siku za karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, baada kidogo ya saa sita mchana, nguzo ya umeme haina kivuli, na ukingo wa kofia hutia uso mzima gizani. Kati ya Oktoba na Machi jua la mchana hupita kusini kwetu, na kivuli cha ukuta huangukia kaskazini. Kuanzia Machi hadi Oktoba mambo hugeuka. Mwezi wa Juni ukuta wa mita tatu hutoa mchana kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu, upande wa kusini. Desemba ukuta huohuo hutoa kivuli kisichofika mita moja, upande wa kaskazini. Shuleni haya nilifundishwa kwa mchoro wa dunia na jua ubaoni, nikayajibu kwenye mtihani. Kuyaona ni jambo jingine. Niliyaona kwa sababu nilikuwa nikipiga ukuta mmoja, tena na tena, hadi siku moja kivuli kilikuwa kimekwisha.

Kando ya ukuta huo, unaokwenda mashariki hadi magharibi, hufanya kazi fundi viatu mmoja. Nilimwendea nikiwa na furaha yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, umeona kivuli cha huu ukuta kilivyohama?"

Hakuacha kushona. "Mwanangu, hapa anayehama ni mimi. Mwezi wa kumi nahamia upande ule, mwezi wa tatu narudi huku. Miaka yote."

Kumbe elimu ile ilikuwa imekaa pale, kwenye kigoda, pamoja na gundi na sindano, kabla kamera haijafika. Nami nilikuwa nimebeba picha fulani ya mambo ambayo wengi wetu wenye kamera tunaibeba: kwamba mpiga picha ndiye anayeona, na mtaa ndio unaoonwa. Fundi yule anaona kuliko mimi, kwa sababu anarudi kuliko mimi, na anarudi kwa ajili ya mkate wake. Mradi wa mwaka mmoja ni mwigo mdogo tu wa maisha ya wale wanaopigwa picha. Wao wote wamo katika mradi wa kila siku. Muuza vocha chini ya mwavuli anaujua mtaa kwa saa; dereva wa guta anaujua kwa mashimo; mama lishe anaujua kwa njaa za watu, nani anakula saa nne na nani anavumilia hadi saa nane. Falsafa ya kutazama isiyoanzia kwa watu hawa imeanzia mahali pasipo pake.

Na hapo ndipo linapoingia suala la haki.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa nyumbani, lakini mtaa nao una siku yake ya tatu. Mwanzoni niliulizwa yale anayoulizwa kila mwenye kamera: unapiga za nini, una kibali, unakwenda kutuuza wapi. Sikuona ukali ndani yake, niliona maswali halali. Macho hayana pazia, wazee walisema, na ni kweli kwamba anayeuza nyanya hadharani hamkatazi mpita njia kumtazama. Lakini kamera haifanyi kazi ya jicho. Jicho la mpita njia unaliona linapokuona, unaweza kulijibu kwa jicho lako, na baada ya dakika mbili limesahau. Picha huondoka. Hufika usipokuwepo, mbele ya watu usiowajua, na hukuacha milele kama ulivyokuwa saa ile: umeinama, umechoka, umekunja uso kwa jua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitangulia na yake mwaka 2019. Nafurahi kwamba zipo. Ila mtu anaweza kuwa salama mbele ya sheria na bado akawa amemdhulumu aliyempiga picha, kwa kumchukua na asirudi.

Anayepita na kamera mara moja hadaiwi kitu, kesho hayupo. Anayerudi atakutwa. Atakutwa na yule aliyempiga picha jana akiwa amekasirika, atadaiwa nakala, ataambiwa "nitumie kwa WhatsApp," na atapewa jembe. Mimi jembe langu lilikuwa kukaa kwenye meza ya mchuuzi anapokwenda kuswali Ijumaa, kushika upande mmoja wa robota, kumjazia mtu fomu. Asubuhi moja mama lishe mmoja alinipokea kwa kusema, "Leo umechelewa, mwanangu." Tangu asubuhi ile sikuweza tena kumtazama kama sura nzuri ndani ya moshi wa mkaa. Nilikuwa nimewekwa kwenye hesabu ya siku yake, na asiyefika kwa wakati huulizwa.

Gharama ya kurudi hivi ipo na ni kubwa. Picha moja itaieleza. Mnamo mwaka 1930 hivi, Mhungaria Martin Munkácsi alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia kwenye mawimbi, wametupa mgongo, miili yao ikiwa mistari myeusi juu ya povu jeupe. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliiona akiwa kijana, na baadaye alisema kwamba ndiyo iliyomwashia moto wa kushika kamera. Sehemu kubwa ya picha za mtaani tunazozijua leo imepita mkononi mwake, kwa hiyo watoto wale watatu wana sehemu yao katika asili ya sanaa hii. Kwa miaka mingi picha hiyo imetajwa kuwa ya Ziwa Tanganyika. Maelezo mengine husema ni Liberia. Kati ya maelezo hayo mawili limesimama bara zima. Na katika yote niliyoyasoma, hakuna jina hata moja la mvulana.

Picha ile ni nzuri mno. Nimeitazama kwa muda mrefu na sina neno baya juu ya uzuri wake: furaha iliyomo ni furaha ya kweli. Lakini nadhani ni picha ambayo anayerudi hawezi kuipata kwa urahisi. Ukishamjua mtu, unapoteza ule wepesi wa kumfanya umbo. Mgongo unakuwa mgongo wa fulani, ambaye unajua unamuuma. Miezi ya mwisho picha zangu zilipungua mwendo na kuongezeka nyuso, na baadhi ya siku picha yenye nguvu kuliko zote ilikuwa mbele yangu nami sikuipiga. Siku moja mama lishe yule alikuwa akilia nyuma ya sufuria zake. Mwanga ulikuwa mzuri, kamera ilikuwa mkononi. Niliketi kwenye benchi lake. Picha ya siku hiyo ni ya mlango.

Wapo wapiga picha, tena wakubwa, wanaoshikilia kwamba kazi yako ni kupiga kwanza na kuamua baadaye. Katika vita, katika moto, pale ambapo ukweli ungezikwa bila ushahidi, nakubaliana nao kabisa. Machozi ya mama yule hayakuwa ushahidi wa lolote ambalo umma unapaswa kulijua. Yalikuwa yake.

Mwaka ulipokwisha nilisafisha picha nikazirudisha mtaani, kila mtu achague yake. Karibu wote walizikataa zile nilizozipenda, za kuvizia, zenye mikono nusu na nyuso zilizogeuka. Walitaka kupigwa upya: wamesimama wima, kola imenyooshwa, macho kwenye kamera, wengine wakiwa na bidhaa zao zimepangwa mbele. Nikapiga. Sasa nina picha za aina mbili za watu walewale, jinsi nilivyowaona na jinsi wanavyotaka kuonwa, na sijapata sababu ya kuziita hizi za kwanza kweli na zile za pili maonyesho. Kusimama wima mbele ya kamera kwa hiari yako ni tendo, kama lilivyo tendo kubeba robota.

Nyuma ya kila picha nimeandika jina kama mwenyewe alivyolitaja, mtaa, tarehe, na kazi aliyokuwa akiifanya. Waliosema hapana, picha zao nimezifuta, na siku zao kwenye mfululizo zina tarehe peke yake. Mwenye ukumbi mmoja wa maonyesho ya picha alinishauri nijaze mapengo hayo kwa picha zisizo na watu, ili mwaka uonekane umetimia. Nimekataa. Siku zile nilikwenda, nikaona, na niliyemwona akasema hapana. Nikiziba mahali pao kwa picha ya ukuta, nitakuwa nimewaambia watazamaji kwamba mtaa mzima ulinikubali, na haukunikubali wote.