Vidonge Alivyovikosa Roosevelt

Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, hakuwahi kumuuliza daktari wake dawa alizokuwa akimeza zilikuwa za nini. Aliyetueleza hayo ni daktari mwenyewe, Howard Bruenn, bingwa wa moyo, aliyeandika miaka mingi baada ya mgonjwa wake kuzikwa. Machi 1944 Bruenn alimpima akakuta presha 186 kwa 108, na moyo umeshaanza kushindwa kazi. Wananchi hawakuambiwa. Daktari wa Ikulu, Ross McIntire, ambaye fani yake ilikuwa masikio, pua na koo, aliendelea kuwahakikishia kwamba Rais hana tatizo. Novemba mwaka huohuo wakampa muhula wa nne.

Tarehe 12 Aprili 1945, mjini Warm Springs, Georgia, Roosevelt alikuwa ameketi akichorwa picha. Mchana, baada ya saa 7, akalalamika kwamba kisogo kinamuuma vibaya sana, kisha akazirai. Bruenn alipompima, presha ilikuwa imevuka 300 kwa 190. Saa 9:35 alasiri akafariki, akiwa na miaka 63. McIntire alidai kwamba jambo hilo lilizuka tu, bila dalili. Dalili gani tena aliitaka, na namba zilikuwa ndani ya faili?

Madaktari walisema damu ilivuja ubongoni mwa Roosevelt. Mwili wake haukupasuliwa, kwa hiyo mahali hasa ilipovujia hapakuthibitishwa. Lakini presha iliyoachwa miaka hupasua mishipa midogo ya ndani kabisa, na pabaya kuliko pote ni shina la ubongo. Hicho ni kipande kisichozidi sana kidole gumba, kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo. Humo ndimo zinamoongozwa pumzi, mapigo ya moyo, kumeza na kuwa macho, na humo hupita kila amri iendayo mikononi na miguuni. Sehemu nyingine za ubongo huweza kustahimili damu kiasi fulani. Hapa hakuna nafasi.

Damu ikiwa kidogo, mtu huona vitu viwiliviwili, huyumba, ulimi humwia mzito, hupaliwa na mate yake. Pengine uso hulegea upande mmoja na mkono ukalegea upande wa pili. Ikiwa nyingi, huanguka na kuzimia ndani ya dakika chache. Viungo vyote vinne hupooza, mboni za macho husinyaa zikawa vitone, pumzi hupotea mpangilio, mwili huchemka. Hapo ndipo majirani husema katupiwa jini, na saa za kumwahisha hospitali huishia kwa mganga.

Anayefikishwa hospitali akiwa hajitambui, mara nyingi hafiki mbali. Mwenye damu ndogo, iliyokaa upande mmoja, na fahamu zake zipo, anaweza kupona hadi akatembea, ingawa kwa miezi ya mazoezi. Kati ya wanaonusurika wapo pia wanaobaki na akili timamu ndani ya mwili usiosogea: wanasikia kila neno linalosemwa kando ya kitanda, na wanachoweza ni kupandisha macho na kupepesa kope. Ndugu, chungeni mnayoyasema hapo. Upasuaji kwa kawaida haufanywi, kwani kisu kitaharibu kile kinachotafutwa kuokolewa. Madaktari hushusha presha, husaidia pumzi, husubiri.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mlaze ubavu, usimpe maji wala chakula, usimpe aspirini, mpeleke hospitali yenye kipimo cha CT skani.

Sitaki kumlaumu sana Bruenn. Mwaka 1944 alichokuwa nacho ni dawa ya moyo, kumpunguzia mgonjwa chumvi na sigara, na kumsihi apumzike. Vidonge vya kushusha presha kama tunavyovijua leo havikuwepo. Leo vipo, na vingine ni vya bei ndogo, lakini mtu huvimeza mwezi mmoja, akapimwa na kuambiwa presha imeshuka, akaviacha kwa sababu anajisikia vizuri. Imeshuka kwa sababu ya vidonge! Na presha kwa kawaida haiumi. Roosevelt mwenyewe alikuwa akifanya kazi asubuhi ya siku aliyofariki.

Kwa hiyo ulizia dawa yako ni ya nini, andika namba zako, na vidonge vikikaribia kwisha nenda kachukue vingine kabla ya kile cha mwisho.