Pedali Kongwe na Swali la Uhalisi
Pedali ya ovadraivu, yaani kisanduku anachokikanyaga mpiga gitaa ili mawimbi ya umeme ya ala yake yakuzwe hadi vilele vikatike na sauti ipate mkwaruzo, huibua swali zito la falsafa: je, kilicho halisi ni kile kilichotangulia, au ni chochote kinachotenda kazi ileile? Mwanafalsafa Nelson Goodman, katika kitabu chake cha mwaka 1968, alitenganisha sanaa zinazoweza kughushiwa, kama uchoraji, na zile ambazo kila nakala sahihi ni kazi yenyewe, kama muziki ulioandikwa kwa nota. Pedali ya Ibanez TS808, iliyotoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, iko karibu zaidi na kundi la pili, kwa kuwa ilizalishwa kiwandani kwa mchoro wa saketi unaoweza kufuatwa tena. Hata TS9 iliyoifuata ilitofautiana nayo hasa kwa vikinza viwili vya upande wa kutolea sauti, ambavyo fundi mwangalifu huweza kuvibadilisha. Anayehifadhi pedali kongwe kwa ajili ya historia yake anastahili heshima, maana historia hainakiliki. Anayeamini kwamba umri pekee huzaa sauti bora, hata hivyo, anachanganya asili na sifa, na kwa mpigaji anayetafuta sauti tu, pedali mpya inatosha.