Vumbi, Kunguru na Gari Safi

Gari limetoka kuoshwa na kupigwa nta, linang'aa. Likilazwa nje chini ya mwembe, asubuhi boneti ina madoa meupe. Kunguru! Hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na leo Dar es Salaam hakuna kivuli wasichokijua.

Je, gari limechafuka au limenajisika? Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, hutenganisha hayo mawili. Vumbi safi ni twahara, hata hutumika kwa tayamamu maji yakikosekana. Kinyesi cha ndege ni najisi. Ila usafi unaodaiwa kwa swala ni wa mwili, nguo na mahali pa kuswalia; anayekesha dirishani akilinda boneti amejifaradhishia mwenyewe.

Rangi ya gari nayo ina fiqhi yake. Vumbi halina neno likimwagiwa maji kwanza. Likifutwa kwa kitambaa kikavu, chembe za mchanga huacha mikwaruzo. Turubai likivishwa juu ya vumbi, upepo huligeuza msasa. Kinyesi kina tindikali, na jua hukigandisha kikaila rangi. Kisisubiri Jumamosi: kiloweshwe, kilainike, kiondolewe bila kusugua.