FULANA YA MTOTO YASEMA NINI?

Wazazi wapenzi, liko swali linaloulizwa siku hizi katika familia zetu, na hata katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu: Je, yafaa mtoto Mkristu avae fulana yenye jina na picha ya bendi za zamani za muziki wa roki? Wako wanaolicheka swali lenyewe, wakisema kwamba nguo ni nguo, na kazi yake ni kuusitiri mwili na kuukinga na baridi. Wako na wanaotetemeka. Hao huiona fulana ya namna hiyo kuwa chombo cha shetani, wakaichoma moto, au wakamrudisha mtoto nyumbani asiingie katika mafundisho. Twataka kuwajibu wote wawili, kwa maana kila mmoja ameshika sehemu ya kweli, na kila mmoja ameiachia sehemu nyingine ianguke.

Yatupasa kwanza kujua fulana hizi zatoka wapi. Mama anayeinama juu ya lundo la mitumba sokoni hatafuti bendi. Atafuta kitambaa kizima, kisichopauka, kitakachomtosha mtoto mwaka huu na mwaka ujao, kwa fedha aliyoifunga katika pindo la khanga. Fulana anayoichagua ilichapwa kwa ajili ya maduka ya Ulaya au ya Marekani, ikavaliwa na mtoto wa huko, mtoto akakua, ikatolewa, ikafungwa katika robota, ikavuka bahari. Na yule mtoto wa kwanza, yaelekea sana, hakuijua bendi hiyo kuliko huyu wetu. Bendi iitwayo Ramones ilianza mjini New York mwaka 1974, ikavunjika mwaka 1996. Waanzilishi wake 4 wamekwisha kufa wote, wa mwisho mwaka 2014. Lakini jina lao lingali likichapwa juu ya vifua vya watoto ambao hawajausikia hata wimbo wao mmoja. Zamani fulana hizo zilikuwa alama ya mashabiki. Leo ni bidhaa tu kama bidhaa nyingine.

Sasa tuseme na wenye hofu. Yasemwa mitaani kwamba majina ya bendi hizi ni maapizo ya siri, na kwamba anayeyavaa hujifunga na mapepo bila kujua. Mfano mmoja utatosha. Watu wengi wameamini kwamba herufi za bendi AC/DC ni kiapo cha kumpinga Kristu. Bendi hiyo ilianzishwa mjini Sydney, huko Australia, mwaka 1973, na ndugu wawili waitwao Malcolm na Angus Young. Kwa maelezo yao wenyewe, herufi hizo zilionwa na dada yao kwenye mashine ya kushonea. Maana yake ni aina mbili za mkondo wa umeme, wala hakuna zaidi. Mkristu anayeogopa herufi za mashine ya kushonea yampasa ajiulize kama imani yake imesimama juu ya mwamba. Amri ya kwanza ya Mungu yatukataza kuabudu miungu mingine. Nayo Katekisimu ya Kanisa, katika kuifafanua amri hiyo hiyo, yatukataza ushirikina, yaani kuvipa vitu nguvu ambayo Mungu hakuvipa. Anayevaa hirizi ili imlinde na anayeitetemekea fulana isije ikamdhuru ni ndugu, ingawa wenyewe hawajijui. Shetani huingia kwa mlango wa dhambi tuupendao na kuukubali. Hana mlango katika mshono wa nguo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya adabu ya mavazi, alifundisha kwamba ubaya haumo katika kitu chenyewe cha nje, bali watoka kwa mtu anayekitumia pasipo kiasi wala akili. Basi pamba ni pamba, na rangi ni rangi. Wenye hofu na watulie.

Lakini wale wanaocheka wasishangilie upesi. Ikiwa ubaya watoka kwa mtumiaji, basi ni lazima mtumiaji aulizwe: Waitumiaje nguo hii, nayo yasema nini kwa niaba yako?

Swali letu si geni katika Kanisa. Wakristu wa Korintho waliuliza karibu lile lile, miaka isiyofika 30 baada ya Bwana Wetu kupaa mbinguni. Katika mji wao, nyama nyingine iliyouzwa sokoni ilikuwa imetoka katika mahekalu ya miungu ya uongo. Je, Mkristu aweza kuinunua na kuila? Mtume Paulo, katika sura ya 8 na ya 10 ya Waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, hakutoa jibu la neno moja. Kwanza aliwaondolea hofu: sanamu si kitu, nao waweza kula kiuzwacho sokoni pasipo kujitesa kwa maswali. Kisha akawageukia wale waliojivunia maarifa yao, akawaonya kwamba uhuru wao usiwe jiwe la kumkwaza ndugu aliye dhaifu. Naye mwenyewe alikuwa tayari kuiacha nyama maisha yake yote kuliko kumwangusha ndugu mmoja. Wekeni fulana mahali pa nyama, nanyi mtaona kwamba soko la Korintho ni jirani wa soko letu la mitumba. Na katika nyumba zetu, yule ndugu dhaifu ni nani, kama siye mtoto mwenyewe? Mzazi ana maarifa, aweza kusema kwamba picha ni picha. Mtoto hana. Yeye huamini kwamba kila alichovikwa na mama yake ni chema, na kila kilichoandikwa kifuani pake ni sifa yake.

Hebu tuzitazame baadhi ya alama hizo. Ile ya midomo mekundu na ulimi uliotolewa nje, iliyoenea karibu dunia nzima, ni ya bendi ya Kiingereza iitwayo Rolling Stones. Ilichorwa mwaka 1970 na kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa sanaa mjini London, jina lake John Pasche, ikatolewa hadharani mwaka 1971. Mchoraji mwenyewe ameeleza kwamba ni alama ya kukaidi wakubwa, kama mtoto anavyomtolea mtu ulimi. Kwetu sisi, mtoto akimtolea bibi yake ulimi, atakanywa na kila aliyepo barazani, tena kwa haki. Inakuwaje basi tumfundishe adabu kwa kinywa, na papo hapo tumvike kifuani dharau iliyochorwa kwa rangi nyekundu? Jambo hili halifikii dhambi kubwa, wala hatutaki kulikuza kupita kiasi chake. Ila ni mafundisho mawili yanayopingana katika mwili mmoja mdogo.

Iko na nyingine: uso wa mviringo wa rangi ya manjano, unaocheka, lakini mahali pa macho pana alama mbili za mkato, kama wachoravyo macho ya mfu au ya mlevi. Hiyo ni ya bendi ya Kimarekani iitwayo Nirvana, iliyoanzishwa mwaka 1987. Mwimbaji wake, Kurt Cobain, alijiua mwezi wa Aprili mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 27, akaacha binti ambaye hajatimiza miaka 2. Kanisa halituruhusu kukata tamaa juu ya wokovu wa mtu wa namna hiyo. Latufundisha kwamba Mungu ana njia anazozijua Yeye za kumjalia toba, nasi hutuagiza tumwombee. Lakini mzazi anayejua habari hii, je, ataweza kuuona uso ule unaocheka juu ya kifua cha mwanawe pasipo moyo wake kusita? Kijana akiwa na umri wa kuelewa, tukampa habari yote, na jinsi mtu mwenye sifa na fedha alivyoweza kukosa amani, yawezekana fulana ile ikawa somo. Kwa mtoto wa miaka 5 ni msiba wa watu waliofiwa, uliogeuzwa kuwa pambo.

Na hata wale AC/DC, ambao herufi zao hazina kosa, mwaka 1979 walitoa sahani ya nyimbo ambayo jina lake ni njia kuu ya kwenda motoni; picha ya jalada lake yamwonyesha mmoja wao ana pembe kichwani. Walifanya mzaha. Mwimbaji wao, Bon Scott, alikufa mjini London mwezi wa Februari mwaka 1980, akiwa na miaka 33, baada ya usiku wa ulevi. Hatusemi kwamba Mungu alimpatiliza. Hukumu si yetu. Twasema tu kwamba yako mambo ambayo Mkristu hayafanyii mzaha, na jehanamu ni mojawapo. Jina la bendi laweza kuvumiliwa. Maneno ya kushangilia upotevu hayawezi kuwekwa juu ya mtoto aliyebatizwa, hata kama nguo yenyewe ni nzuri na bei yake ni rahisi.

Ziko pia alama ambazo twaweza kuzipokea pasipo shaka. Bendi ya Pink Floyd ilitoa mwaka 1973 sahani yenye picha ya mwanga unaopita katika kioo cha pembe tatu na kutoka katika rangi za upinde wa mvua. Mwalimu wa sayansi angeweza kuitundika darasani. Kadhalika nembo ya bendi ya Queen ilichorwa na mwimbaji wake, Freddie Mercury, mtu aliyezaliwa kwetu Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa familia ya Kiparsi, akafa mjini London mwaka 1991 kwa ugonjwa wa UKIMWI. Hatumweki mbele ya watoto wetu awe mfano wa maisha yote, lakini hakuna haja ya kumchoma moto katika vitambaa. Alikuwa binadamu, mzaliwa wa visiwa vyetu, aliyepewa na Mungu sauti isiyo ya kawaida, naye aliteseka.

Basi tufanyeje? La kwanza, wazazi, someni kabla ya kununua. Kama maandishi ni ya lugha msiyoijua, mpeni mwanafunzi wa sekondari ayasome, au mwulizeni mwalimu. Hatuweki saini chini ya barua tusiyoisoma. Kwa nini basi tumbebeshe mtoto maneno ambayo hatujui yanamwambia nini jirani? La pili, pambanueni: jina tupu au picha isiyo na kosa, na ivaliwe, yenye kukufuru, yenye uchafu, yenye kucheza na kifo na jehanamu, na iachwe, au igeuzwe tambara la kupangusia sakafu, pasipo sherehe za moto. La tatu, kijana akijichagulia mwenyewe fulana ya namna hiyo, msianze kwa kelele. Mwulizeni hao ni akina nani, waliimba nini, waliishi vipi, walikufaje. Akiwa hajui, tafuteni pamoja naye. Kijana aliyejua sababu hujichagulia vema hata siku ambayo baba hayupo.

La nne ni la makatekista na viongozi wetu wa parokia, nalo twalisema kwa uzito. Mtoto asifukuzwe kamwe kwa sababu ya fulana. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya Waraka wake, awakemea vikali wale waliompa heshima aliyeingia katika kusanyiko amevaa vizuri, wakamdharau maskini mwenye mavazi mabovu. Pengine fulana ile ndiyo pekee iliyokuwa safi Dominika ile. Mtoto aliyeaibishwa mlangoni pa kanisa kwa neno asiloweza kulisoma atalikumbuka kanisa kama mahali pa aibu, na aliyemwaibisha ndiye atakayekuwa amemkwaza, wala si fulana. Mwenye neno na amwendee mama yake baadaye, kwa upole, faraghani. Na akiweza, aende na nguo nyingine mkononi.

Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwashauri wazazi wa wakati wake wawape watoto majina ya watu wenye haki, ili mtoto akue akimfuata yule ambaye jina lake amelibeba. Watoto wetu wamekwisha kupewa majina hayo. Siku ya ubatizo walivikwa pia vazi jeupe, dalili kwamba wamemvaa Kristu, na wazazi pamoja na wasimamizi wakakabidhiwa kulilinda. Ni wangapi kati ya watoto wetu waijuao habari ya mtakatifu ambaye jina lake wanaitwa kila asubuhi? Kama mtoto aijua fulana yake kuliko asijuavyo jina lake la ubatizo, kosa halikuanzia sokoni.

Maandiko Matakatifu, katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, yatusimulia habari za Hana, aliyemtoa mwanawe akae katika nyumba ya Bwana. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Bila shaka kila mwaka ilimpasa kuipima upya, kwa kuwa mtoto alikuwa akikua, mbali na macho yake. Wengi wetu hatushoni tena. Twanunua zilizoshonwa na wengine, zikavaliwa na wengine. Lakini kupima bado ni kazi yetu. Mama apimaye urefu wa mikono ya fulana na upana wa mabega, na apime pia maneno ya kifuani, ndipo atoe fedha yake. Na Mungu, aliyewavika maua ya kondeni, awabariki wazazi wote wanaohangaika kuwavika watoto wao. Amina.