Usimrudishie Funguo

Wanangu mlioko Marekani, sina hotuba ya kuacha pombe. Wazazi wenu wamesema hadi wamechoka. Leo nina neno na yule atakayepigiwa simu usiku wa manane aende kituoni kumchukua mwenzake aliyekamatwa akiendesha gari amelewa.

Mnamo Julai 2000, katika jimbo la New Jersey, polisi walimkamata dereva wa namna hiyo, kisha wakamwachia aondoke na rafiki yake. Rafiki hakumpeleka nyumbani kulala. Alimpeleka pale gari lilipokuwa, jamaa akawasha, akaingia barabarani. Saa chache baadaye aligongana na gari la John Elliott, kijana wa miaka 22, ofisa wa jeshi la wanamaji aliyekuwa ametoka tu kuhitimu chuo cha jeshi hilo kilichoko Annapolis. Alikuwa njiani kwenda kwao, kwenye siku ya kuzaliwa ya mama yake. Yeye na yule mlevi wakafa wote wawili.

Wazazi wa Elliott hawakukaa kulia tu. Mwaka 2001 jimbo lilipitisha sheria yenye jina la mtoto wao: ukikamatwa umelewa, gari linavutwa na kuzuiliwa kwa saa 12, na gharama za kulivuta na kulihifadhi zinalipwa kabla halijatoka. Tena anayekuja kukuchukua anapewa karatasi ya onyo: ukimwachia mlevi huyu aendeshe, nawe unaweza kushtakiwa. Anaipokea kwa saini. Kwangu mimi, saini hiyo ndiyo roho ya sheria yenyewe.

Nasikia mnalalamika kwamba saa 12 ni uonevu. Si uonevu hata kidogo. Kahawa haiondoi pombe mwilini, wala kuoga maji baridi. Ini linafanya kazi kwa mwendo wake, na bia moja tu hulichukua kama saa nzima.

Najua sisi tunaona haya kumnyima mtu mali yake. Atakwambia gari ni lake, alfajiri ana zamu kazini, mbona unamdhalilisha mbele ya watu. Ataapa kwamba yuko sawa. Na si kila jimbo lina sheria kama hiyo. Huenda usiku huo mtu pekee wa kulizuia gari akawa ni wewe.

Mchukue, mpeleke nyumbani, funguo zibaki mfukoni mwako mpaka kesho mchana. Akinuna, mwache anune.